Marehemu Kumi na Tisa, Faili Moja

Utepe wa printa ulifika Ifakara siku ya Jumatatu, mwanzoni mwa Mei 1995, umefungwa ndani ya mfuko wa rambo, mkononi mwa Valentino, fundi wa kompyuta kutoka Morogoro. Kamati ya wakazi ilikuwa imeusubiri tangu Januari. Muda wote huo mashine ilikaa kwenye chumba cha kamati, mtaa wa Viwanja Sitini, imemeza maneno ya watu na haina namna ya kuyatoa.

Na maneno yenyewe hayakuwa ya mchezo. Jumamosi ya wiki ile ile wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja mtaani. Kila kiwanja kilitakiwa kiwe na karatasi iliyopigwa chapa: nani mwenyewe, alikipataje, mipaka iko wapi, mashahidi ni akina nani. Mwenyewe akiwa amefariki, mrithi ndiye atoe maelezo. Kiwanja kisicho na karatasi kingehesabiwa hakina mtu, na kingegawiwa mwingine. Lilisemwa hilo mkutanoni mara mbili, na mtu mzima haambiwi mara tatu.

Mpiga chapa wa kamati alikuwa Febronia, mke wa Dionisi. Mwezi wa Januari wote watu walikuja mmoja mmoja, wakakaa mbele yake wakasema, naye akapiga moja kwa moja kwenye kompyuta bila kuandika kwanza kwenye karatasi. Karatasi ni ghali, na mwenyekiti alisema kompyuta ndiyo karatasi ya kisasa. Watu wakishasema, walikwenda zao mashambani.

Basi Valentino akafunga utepe, printa ikaanza kulia. Wakatoka walio hai: Mzee Hermenegildi, Mzee Hilari, Bibi Agnetha mwenye kiwanja chake cha pili. Kila mtu aliyekuwa mlangoni akapokea karatasi yake akaipepea wino ukauke. Ikaja zamu ya marehemu. Akatoka mmoja, Marehemu Kelestini, mume wa huyo huyo Agnetha. Printa ikanyamaza.

"Wengine wako wapi?" akauliza Raimundi, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye tumbo na miwani ya kusomea ambayo hakuwahi kuivua hata akitembea.

Febronia akatafuta kwenye orodha ya mashine. Akatafuta tena. Valentino akasogeza kiti.

"Uliwapa majina gani mafaili yao?"

"Majina yao."

"Uliandikaje, dada?"

"MarehemuKelestini. MarehemuAgapiti. MarehemuWiliam. Sasa ningeandikaje?"

Na kweli, angeandikaje? Febronia alilelewa, hakuokotwa. Kwao mtu akishafariki jina lake halitajwi tupu. Ukisema Agapiti hivi hivi, watu wanageuka kuangalia kama unamwita aje kula. Kwa hiyo kila aliyefariki alimtangulizia Marehemu, hata kwenye jina la faili ambalo hakuna angelisoma ila yeye na ile mashine.

Valentino akashika kichwa. "Hii mashine ni ya zamani. Jina la faili lina nafasi ya herufi nane tu. Zinazozidi inazikata. Hebu hesabu, Marehemu ina herufi ngapi?"

Febronia akahesabu kwa vidole, chini ya meza, kama mtoto wa darasa la pili. Vidole vinane.

"Umeona? Imesoma Marehemu, imefika ukingoni, ikakata. Wote kumi na tisa wana jina moja. Kila ulipomhifadhi mmoja, ilikuuliza kama umweke mahali pa yule wa kwanza, yule wa kwanza afutike."

"Iliniuliza," akasema Febronia polepole. "Kila mara iliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Ulichonifundisha. Ulisema ikiuliza chochote nibonyeze Y."

Valentino akaangalia viatu vyake. Alisema hivyo, tena kwa mdomo wake, siku ya pili ya mafunzo, akiwa na haraka ya kuwahi treni. Alisema mashine za wazungu hazipendi kukataliwa, na watu wakacheka.

"Kwa hiyo umewaua mara ya pili," akasema Raimundi. Waliokuwa mlangoni wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka kwamba baadhi yao ni wajukuu wa hao marehemu, wakaacha. "Mpaka Ijumaa saa kumi jioni, Febronia. Wasipopatikana nitawaambia watu mkutanoni kosa ni la nani. Mimi silibebi."

Agnetha alikuwa anaikunja karatasi ya mumewe mara nne, aitie kifuani. "Mimi wangu yupo," akasema. "Mungu hamtupi mja wake." Alipofika mlangoni akageuka, kwa ile huruma ya kinafiki inayouma kuliko tusi. "Na wa kwenu je, mwanangu? Baba mkwe wako naye si marehemu?"

Baba mkwe alikuwa mmoja wa hao kumi na wanane waliofutika, na nyumba anayolala Febronia ilikuwa juu ya kiwanja chake.


Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Restituta, anapeta mchele uani. Dionisi alikuwa ameigeuza baiskeli miguu juu, anaziba pancha. Febronia akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Kazi ya kukaa nayo imechosha leo?"

Kazi ya kukaa, ndivyo Restituta alivyoiita tangu mwanzo. Miaka minne sasa tangu Febronia aolewe pale, na kila alipotoka amevaa viatu mama huyu alimwangalia mikono, kama anayetafuta sugu asizione.

"Mama, nimefanya kosa."

Akaeleza. Alipomaliza, Restituta aliweka ungo chini. "Nieleze tena. Mimi sijui hiyo mashine, nieleze kama mtu wa shamba."

"Ni kama daftari, mama, lenye ukurasa mmoja tu wa marehemu. Kila aliyekuja nilimwandika juu ya mwenzake, mwenzake akafutika. Mimi nilidhani kila mtu ana ukurasa wake."

"Na mzee wangu?"

"Alikuwa wa pili."

"Nani alimfuta?"

"Wa tatu. Marehemu Agapiti."

"Agapiti," akasema Restituta. "Hata akiwa hai alipenda kukaa kwenye kiti cha mwenzake."

Dionisi akatupa spana. "Mama unacheka? Jumamosi wanakuja watu wa ardhi. Wakitukuta hatuna karatasi tutakwenda wapi? Febronia, mimi nilikwambia ubaki na taipureta yako. Taipureta ukikosea unaona."

"Nilikosea, Dionisi. Sijasema sikukosea."

"Sasa kosa tutalalia?"

"Wewe," mama yake akamkatiza, "juzi uliacha banda wazi, kicheche kikala kuku watatu. Kuna mtu alikuuliza tutakwenda wapi? Maliza hiyo pancha. Baiskeli itahitajika."

Febronia alikuwa bado yupo magotini. Alitegemea kufokewa, tena alikuwa amejiandaa njia nzima, akapanga na maneno ya kuomba radhi. Kwa kutofokewa akaanza kulia.

"Ukimaliza kulia tuhesabu," akasema Restituta. "Wajane wenyewe tunao?"

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Mwezi wa tano mpunga unaiva, na mtu wa Ifakara mwenye shamba bondeni hakai mjini. Anahamia huko na sufuria zake, analala kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa kwa miti juu ya maji na mpunga, anafukuza ndege mchana kutwa. Ukigeuka tu, kwelea wameshavuna kwa niaba yako. Wajane walikuwa wametawanyika Idete, Namawala na kwingine ambako hata njia ilikuwa imefunikwa na maji.

Lakini Restituta alikuwa hajakosa msiba. Hakujua kusoma, ila misiba ya bonde lile aliijua yote, nani alifiwa na nani, nani alipika, nani alikuja mikono mitupu akaondoka na kifurushi. Akaanza kutaja. Edna yuko Idete, dungu la tatu baada ya mkondo. Bibi Aurelia yuko Namawala kwa mwanawe. Mke wa marehemu Wiliam mvuvi yuko naye huko huko, ila wamegombana, msiwaite pamoja. Wa marehemu Agapiti amerudi kwao Mahenge, lakini shemeji yake yupo na mipaka anaijua. Akawamaliza wote kumi na saba, na wa kumi na nane alikuwa yeye mwenyewe.

"Siku nne," akasema Dionisi. "Na baiskeli moja. Haiwezekani, mama."

"Nani kasema ukawafikie wote? Fika dungu la kwanza. Watu wa madunguni wanashinda wanapiga kelele. Neno likiingia kwenye zile kelele linafika lenyewe." Kisha akamgeukia Febronia. "Lakini lazima jina lako litajwe."

"Jina langu, mama?"

"Tukisema kamati inawaita, nani ataacha mpunga? Kamati imewaita bure mara ngapi? Lakini wakisikia mtoto wa watu kaharibu kazi na anaomba wamsaidie, watakuja. Hata kama ni kuja kukucheka, mwanangu, watakuja."

Febronia aliifikiria aibu yake ikipigwa kelele bonde zima, kutoka dungu hadi dungu, mbele ya watu ambao hata hawamjui sura. Akafuta pua kwa upande wa kanga.

"Semeni," akasema.


Dionisi aliondoka Jumanne asubuhi. Alipofika dungu la kwanza upande wa Idete alimkuta mwanamke mzee mwenye debe na fimbo, na maneno yakamkwama. Ni kazi ngumu kumtangaza mkeo. Akazunguka, akauliza habari za mpunga, akauliza za ndege, mpaka yule mzee akamwambia aseme kilichomleta au apande asaidie kufukuza.

Akasema. Mwanamke akaweka viganja mdomoni, akaita. Febronia, mkwe wa Restituta, amewapoteza marehemu kwenye mashine. Wajane wenye viwanja waje waseme upya kabla ya Ijumaa. Ng'ambo ya maji mtu akaitikia, akalirusha mbele.

Kufika dungu la nne Dionisi alikuta habari imeshamtangulia, tena imeungwa nazi. Walimwambia mashine imeungua moto. Dungu la sita wakampa pole kwa mkewe kuwekwa ndani. Siku nzima akabaki anakanusha, na jioni alirudi hana sauti.

Jumatano saa nne asubuhi, mjane wa kwanza alifika mlangoni mwa kamati na matope hadi magotini. Alikuwa Edna wa Idete, mtani wa ukoo wa akina Febronia, na mtani haachi kitu kikapoa.

"Nasikia umezika watu kumi na tisa kaburi moja," akasema kabla hajakaa. "Hata sanda hukuwagawia?"

Watu wote chumbani wakacheka, Valentino naye. Febronia akacheka pamoja nao, halafu kicheko kikageuka.

"Sasa unalia nini? Mimi nimetembea tangu alfajiri, silii. Niletee chai, tumrudishe mume wangu."

Valentino alikuwa amekataa kurudi Morogoro. Alisema anakaa mpaka Ijumaa kwa gharama yake, na hakuna aliyembembeleza aondoke. Yeye ndiye aliyetoa wazo la namba: marehemu wa kwanza aitwe M1, wa pili M2, kazi iishe. Bibi Aurelia, aliyekuwa amefika na mwanawe, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Mume wangu si gunia la mpunga apigwe namba."

Basi ikabaki njia moja, jina tupu. Febronia akawa anamwomba radhi kila mmoja kabla ya kuhifadhi. "Mama, samahani, hapa kwenye faili nitamwandika bila marehemu. Ndani ya karatasi atapewa heshima yake yote." Edna alisema hewala, mradi asikatwe. Yule shemeji wa mjane wa marehemu Agapiti alitaka kwanza amuulize padri. Bibi Aurelia alifikiri, akasema, "Andika tu. Hata mimi nikiwa peke yangu ndivyo ninavyomwita."

Walikuja Jumatano tisa, Alhamisi sita, na wawili wa mwisho Ijumaa asubuhi. Chai na uji vilitoka kwa Restituta, aliyekuwa amehamishia mafiga yake nyuma ya chumba cha kamati bila kumwomba mwenyekiti ruhusa. Raimundi alipita mara mbili, akachungulia juu ya miwani, akakuta watu wanacheka na hakupata pa kuingilia. Mara ya tatu alikaa akanywa uji.

Alhamisi mchana Febronia alimaliza maelezo ya Wiliam mvuvi, akaandika jina, akahifadhi. Mashine ikauliza. Kidole kilikuwa tayari kinaielekea Y kwa mazoea. Akakiinua. Asubuhi ile alikuwa ameshamhifadhi Wiliam mwingine, seremala.

"Valentino," akaita, "hapana inabonyezwa wapi?"

"N, dada."

Akabonyeza N. Hakuna kilichoharibika. Mashine ikarudi ikasubiri, kimya kabisa, na Febronia akaandika WILIAM2. Alikaa akaiangalia mashine kwa muda. Kumbe ilikuwa inakatalika siku zote.


Ijumaa saa nane mchana walibaki wawili chumbani, mama na mkwe. Dionisi alikuwa amempakia Bibi Aurelia kumrudisha Namawala, na Valentino alikwenda kutafuta karatasi. Umeme ulikuwa umekatika mara moja na kurudi. Karatasi kumi na saba zilikuwa mezani, zimebanwa na jiwe. Restituta alikuwa amekataa kusema kabla ya wageni. Sasa aliingia, amejifunga kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye kiti cha wajane.

"Uliza," akasema.

Akaeleza jinsi mumewe alivyopewa kiwanja mwaka 1968, kikiwa matete matupu. Akaeleza mpaka wa minyaa na nani aliipanda, mpaka wa mfereji na nani aliuchimba, mashahidi wawili walio hai. Febronia alipiga kila neno. Alishayasikia mwezi wa Januari, ila safari hii mama alisema polepole zaidi, na mwishoni hakusimama.

"Mrithi ni mimi. Na nikifa mimi, kiwanja na nyumba ni vya mwanangu Dionisi na mkewe Febronia. Wote wawili. Andika hivyo."

Vidole vya Febronia vikasimama. "Januari hukusema hivyo, mama."

"Januari nilikuwa sijui. Andika, mwanangu, umeme usije ukaondoka."

Akaandika jina la mumewe, akaandika na lake. Ikabaki kuhifadhi. Mashine ilikuwa inangoja jina la faili na Febronia aliweka mikono mapajani.

"Nini tena?"

"Jina lake, mama. Siwezi."

Mkwe hamtaji baba mkwe. Alipokuwa hai Febronia alimwita baba, na alipofariki alimwita marehemu baba. Januari alijifichia nyuma ya neno Marehemu, na ndani ya maelezo jina lilikuja likiwa limevikwa Marehemu Mzee mbele, akalipiga haraka bila kulitazama. Lakini hapa lilitakiwa liwe peke yake, limesimama tupu kwenye kioo.

"Tumsubiri Valentino," akasema. "Au Dionisi akirudi."

"Valentino anamjua wapi?" Restituta akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana. "Sikiliza. Mwaka aliougua wewe ndiye uliyemlisha uji. Mimi nilikuona. Mtu uliyemlisha hakukatalii jina lake. Mwite."

Febronia akaandika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja kama mtu anayeanza kujifunza: FULGENSI. Likaenea lote. Akabonyeza, akaziba mdomo.

"Imeuliza?" akanong'ona Restituta.

"Haijauliza kitu, mama."

"Basi mtoe tumwone."

Printa ikalia, karatasi ikatoka. Restituta, ambaye hakujua hata a, aliishika kwa mikono miwili na kuomba aonyeshwe mumewe yuko mstari gani. Akaonyeshwa. Akaomba aonyeshwe na yeye, na Dionisi, na Febronia. Akaweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika chini kwa nguvu mpaka meza ikalia. Saa kumi kasoro robo Raimundi alipokea karatasi kumi na nane, akazihesabu mara mbili, akasema kamati imefanya kazi nzuri sana.


Jumamosi wapimaji walipita nyumba hadi nyumba na kopo la rangi nyekundu. Kila aliyekuwa na karatasi alipigiwa mhuri, na mlango wake ukaandikwa namba. Saa sita walikuwa wameshamaliza upande ule, na marehemu wote kumi na tisa walikuwa na viwanja vyao.

Febronia alilala. Hakuvua hata viatu, alijinyoosha kwenye mkeka ukumbini, mlango wazi, rangi bado mbichi kwenye kizingiti, akalala mchana kweupe kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Restituta alimvua viatu, akavipanga ukutani, akarudi uani kwenye mchele wake.

Saa nane akaja Agnetha, amekunja uso. Watu wa ardhi walikuwa wamempigia mhuri, lakini akiipitia karatasi aligundua kwamba kwa haraka zake za Januari alisahau kuwataja watoto wake wawili wa mwisho. Alitaka irekebishwe leo leo.

"Mkweo yuko wapi, mama Dionisi? Namwona kalala hapo. Hebu nimwamshe mara moja."

Restituta hakunyanyuka. Alipepeta ungo, pumba zikaruka, akapuliza zilizobaki.

"Rudi jioni, Agnetha," akasema. "Mwenye nyumba amelala."